Jamvi Nisilolikanyaga

Waa,
Kwale.
29 Novemba 1964

Mpendwa kaka yangu Sefu,

Assalaam alaikum, na shikamoo kaka. Naanza kwa kuuliza hali yako, na hali ya wifi yangu Biasha, na hali ya watoto. Kile kikohozi cha Biasha kimekwisha, au moshi wa garimoshi bado unamsumbua hapo mnapokaa karibu na stesheni? Na wewe, mgongo wako? Usinijibu "sijambo" tu kama kawaida yako. Nataka jawabu la kweli. Utaona mbele kwamba barua hii nzima ni ya kukuomba kweli.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Mvua za vuli zimekuja kwa wakati wake na mihogo imeshika. Ule mnazi uliokuwa ukiegemea jikoni umeanguka, lakini uliangukia upande wa shamba, haukuvunja kitu. Vidole vyangu ndivyo vinavyouma kidogo, na sababu yake nitakueleza.

Barua yako niliipata. Umesema utapata likizo mwezi ujao, baada ya sherehe za Jamhuri, na utakuja Waa kunichukua nikae nanyi huko Kisumu. Umesema Biasha ameshatoa magunia katika chumba cha nyuma na amekipaka chokaa. Niliposoma hapo nililia, kisha nikacheka, maana namjua Biasha, hakosi ameshatia na pazia. Mwambie nimeshukuru sana. Mwambie pia asinikasirikie kwa kukawia kujibu.

Nilikawia kwa sababu nilikuwa na kazi mkononi, kazi niliyojipa mwenyewe, na sikutaka kuandika jawabu lolote kabla sijaimaliza. Imekwisha juzijuzi. Sasa nakaa nikueleze kazi yenyewe ilivyokuwa, halafu jawabu langu utalielewa vizuri.

Wewe uliondoka baada ya hitima ya siku ya tatu ya mume wangu Boga, kwa hiyo yaliyotokea siku ya nne hukuyaona. Mvua ya mwaka ilikuwa bado inanyesha. Wanaume walikuwa wamekaa barazani, sisi wanawake tumo ndani, na mimi nimo katika nguo nyeupe za eda. Mazungumzo ya barazani yalikuwa juu ya msikiti mpya. Unakumbuka Boga alivyoupenda ule msikiti. Chokaa yote ya kuta zile ilitoka katika tanuri lake. Alikuwa akirudi nyumbani na miguu myeupe mpaka juu ya vifundo, na nyayo zake zinabaki kizingitini, na mimi namgombeza. Alikuwa akiniambia, "Mwanaima, mimi nasali mle Ramadhani moja tu, baada ya hapo nifanyeni mtakavyo." Kichomi hakikumpa hiyo Ramadhani moja.

Basi wanaume wakawa wanasema mabati yameshapigwa na sakafu imeshakauka, lakini cha kutandika hakuna. Majamvi ya msikiti wa zamani yameliwa na mchwa. Tembo, yule muadhini, akasema, "Tutandike magunia kwanza, Mungu si mchaguzi." Nikasikia sauti ikisema, "Jamvi la msikiti nitasuka mimi." Kumbe ni mimi.

Tembo akauliza kwa adabu, "Jamvi kiasi gani, Bi Mwanaima?"

Nikasema, "La safu zote. Moja tu, ukuta kwa ukuta."

Wifi yangu Shutu, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa amekaa karibu yangu. Unamjua Shutu. Waa nzima hakuna mwanamke anayesuka ukili, ule mkanda unaoshonwa kuwa jamvi, kama yeye, na hakuna mwenye ulimi kama wake. Akanigeukia, akasema, "Wifi, kabla ya jamvi, lile kawa liko wapi?"

Wanawake wakacheka, hata ndani ya nyumba ya msiba. Nami sikuweza kuwalaumu. Kawa lile la kufunikia chakula nililianza mwaka nilioolewa. Nilifika nusu nikaliacha, likatundikwa ukutani, na Boga akawa anatilia misumari yake. Alipenda kuwaambia wageni, "Huu ni mwezi ulioandama ukasahau kujaa." Na si kawa tu. Shule niliacha darasa la nne. Ule uzio wa nyuma niliuanza mimi, akaumaliza yeye. Mimi nilikuwa mtu wa kuanza, na nyumba ilisimama kwa sababu Boga alikuwa mtu wa kumaliza.

Shutu alipoona nimeinamisha uso alinishika goti. Akasema polepole, "Maliza kawa kwanza. Ukishalimaliza, ndipo useme jamvi." Lilikuwa shauri zuri, na nilijaribu kulifuata.

Kesho yake nilitoa misumari, nikalishusha lile kawa, nikakaa nalo mkekani. Nilisuka kidogo nikaliweka chini. Kesho yake tena hivyo hivyo. Kaka, nilikuwa naliangalia na kujua kwamba nikikaza litakwisha kabla ya Ijumaa. Halafu? Halafu ningekaa katika mkeka ule ule, naangalia ukuta ule ule, na Boga bado hayupo. Jambo dogo lilikuwa jepesi mno, halikuweza kuninyanyua. Nililirudisha msumarini, na misumari yake ndani.

Tulipokuwa wadogo tulifundishwa kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli. Lakini hatukuambiwa kwamba kibaba chenyewe kikiwa kidogo, mtu aweza kukosa hata hamu ya kukijaza.

Nikamtuma mtu kwa Tembo aniletee kipimo. Alipima msikiti kwa kamba, urefu na upana, akafunga fundo mahali pa kona, akaniletea. Niliitundika kwenye boriti mbele ya kitanda. Ilikuwa kamba nyingi, imejikunja kama utumbo wa mnyama, na siku ya kwanza iliniogopesha hasa. Asubuhi nikifungua macho ndiyo ninayoiona kabla ya kuona kitanda kilicho kitupu upande wa pili. Hofu ile ndiyo iliyonitoa kitandani. Nikachana kitambaa chekundu cha leso kuukuu nikakifunga mwanzo wa kamba, niwe nakisogeza kila ukili unapoongezeka.

Shida ya kwanza ilikuwa miyaa, yale majani ya kusukia. Mwenye eda haendi porini. Hapo ndipo aliponisaidia Mbodze, yule mama wa Kiduruma mfuga mbuzi aliyehamia nyuma yetu kutoka upande wa Kinango. Yeye ni mtu wa kanisani, lakini alinikatia miyaa kila alipopeleka mbuzi, akaichana, akaianika, akanipitishia dirishani. Siku moja akaniuliza, "Mwanaima weye, miyaa hii ya msikiti, thawabu yake naandikiwa mimi au mbuzi wangu?"

Nikamwambia, "Mtaandikiwa wote."

Akasema, "Basi malaika aanze kuwaandika mbuzi, ndio waliojua miyaa iko wapi. Mimi niliwafuata nyuma tu."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipocheka ndani ya eda, kisha nikaangalia huku na huku kama nimeiba.

Sasa, kaka, nakuja kwenye kosa lenyewe. Unajua desturi ya kwetu. Mgeni wa msiba hakai mikono mitupu. Anakuja kukupa pole, anakukuta unasuka, anavuta ukili wako upande wa pili, naye anasuka mkizungumza, au mkinyamaza. Akiondoka anakuachia pale alipofikia. Hiyo ni pole yake, ameiacha nyumbani mwako. Huwezi kumwambia, "Dada, mkono wako mlegevu." Nani angeweza kusema hivyo?

Walikuja wengi. Walikuja wa hapa Waa, wa Ng'ombeni, wa Tiwi, hata jamaa za mama kutoka Mkongani walishuka siku moja na kikapu cha mahindi mabichi. Kila mmoja alisuka chake. Vibunda vya ukili vikajaa chini ya kitanda, kitambaa chekundu kikawa kinakwenda mbio juu ya kamba, na mimi nikajiona hodari. Nilipotoka eda kitambaa kilikuwa kimeshafika mwisho.

Nilioga, nikabadili nguo, nikaenda kaburini, nikarudi. Siku zilizofuata nikachukua shazia, ile sindano kubwa ya majamvi, nikaanza kushona. Wewe hukai na wanawake jikoni, kwa hiyo nikueleze. Jamvi linashonwa kwa kuuzungusha ukili, ukingo kwa ukingo, linatoka kama pipa lisilo na matako, halafu linapasuliwa upande mmoja na kufunguliwa. Mpaka ulifungue huwezi kujua limekaaje.

Tulilifungua uani, mimi na Mbodze. Halikukaa. Lilivimba katikati kama mkate wa kumimina. Ukibonyeza hapa, linainuka pale. Mbodze akalizunguka, akasema, "Hili limemeza mbuzi."

Nikaliona kosa pale pale. Ukili wa huyu ni mpana, wa yule mwembamba, huyu amekaza, yule amelegeza, na mimi nimewashona wote pamoja bila kuwapima, kwa sababu nilikuwa nimepokea pole na sikuona kama nimepokea kazi.

Tembo alikuja kuangalia. Ni mtu mwema. Akasema, "Bi Mwanaima, usijitaabishe. Tutalikata vipande vipande, tutatandika kimoja kimoja, nani atajua?" Akaondoka akiwa ameridhika.

Kaka, barua yako ilinifikia siku ile ile jioni. Sikufichi. Niliisoma, nikaona jinsi Biasha alivyokipaka chokaa kile chumba, nikasema basi, yamekwisha, naenda kwa kaka yangu. Nilichukua kalamu nikaandika "Njoo unichukue," na karatasi hiyo ninayo bado. Nikainuka kwenda kufunga dirisha la chumbani, nikaiona kamba. Kitambaa chekundu kilikuwa mwisho kabisa, kama mtu aliyefika. Kilikuwa kinasema uongo. Nilisimama pale mpaka miguu ikaniuma. Kisha nikakifungua, nikakirudisha karibu na mwanzo. Nilipomaliza kukifunga niliona nimepumua vizuri. Sijui kama wewe, mtu wa kazi kubwa za reli, utanielewa. Njia ndefu ilikuwa imerudi, nami nilikuwa na pa kwenda.

Asubuhi yake Shutu akaja. Alikuwa ameshasikia, maana Waa hakuna lisilosikika. Alifunga leso kiunoni, akavua viatu, akalikanyaga lile jamvi toka mwanzo mpaka mwisho. Akasimama juu ya kivimbe.

"Nani alisuka hapa?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Waliokuja kunipa pole, wifi."

Akasema, "Pole haitandikwi. Fumua."

Nilidhani ataondoka. Akakaa. Akaanza kufumua kutoka upande wake na mimi kutoka upande wangu, na Mbodze akaja na kisu chake akaingia katikati. Tulichagua ukili mmoja mmoja. Ulio sawa tuliuweka. Uliolegea sana nilikuja nikaushona vikapu, nikawapelekea waliosuka kwa shukrani, kila mtu na chake. Wamefurahi, hakuna aliyeuliza.

Tulipofika karibu na kile kivimbe tukauona ukili uliokuwa mbaya kuliko wote. Ulikuwa wazi kama wavu wa samaki, mara mpana mara mwembamba. Mbodze akauinua, akasema, "Huyu naye alikuwa anasuka au anafukuza nzi?"

Shutu akaupokea mkononi. Akaupitisha vidoleni. Akasema, "Huu ni wangu."

Nikadhani anatutania. Nikasema, "Wifi, wewe?"

"Wangu. Siku ya arubaini ya Boga. Nilikaa pale kwenye pembe, mnakumbuka. Nilikuwa siuoni ukili, naona vidole tu."

Kaka, Shutu hakulia katika msiba ule mbele ya mtu. Wengine walisema ana roho ngumu. Yeye ndiye aliyemlea Boga mama yao alipofariki, akimbeba mgongoni mpaka mtoni. Sasa akatafuta kisu auchane ule ukili asuke mwingine. Nikaushika. Nikamwambia, "Kili zote nitasuka upya ukitaka, huu hapana." Akanivuta, nikamvuta, kama watoto. Mwisho akasema, "Utaharibu kazi yako kwa ukaidi, Mwanaima." Nikasema, "Basi tutafute mahali pake." Tukaona mahali pake ni ukingoni kabisa, upande wa mlango, ambapo haubani mwingine. Ndipo ulipo.

Toka siku hiyo tulisuka watatu. Mkono wa Shutu ndio uliokuwa kipimo. Nikilegeza ananigonga kwenye kidole na shazia, mimi mtu mzima. Mgeni akija tunampa uji, na ukili tunaukalia. Kitambaa chekundu hakikwenda tena mbio. Kuna siku hakikusogea kabisa kwa sababu miyaa ililoa na mvua tukaianika upya. Lakini kila asubuhi niliamka najua leo nafanya nini, na hilo, kaka, tangu Boga alipofariki lilikuwa limenipotea.

Tulimaliza Jumatano. Alhamisi wanaume walikuja kulichukua. Walilikunja, wakalibeba mabegani, mbele na nyuma, maana ni zito. Nilisimama mlangoni. Walipita njia ile ile waliyompitishia Boga, ila safari hii walikuwa wanacheka na kugombana nani amwachie mwenziwe uzito. Nilifurahi kwamba walikuwa wanacheka.

Ijumaa walilisalia. Niliisikia hotuba kutoka nyumbani, upepo ulikuwa mzuri. Baadaye Tembo alikuja kuniambia, "Mashaallah, Bi Mwanaima, limekaa kama maji ndani ya sinia."

Na hapa ndipo shida yangu ilipo. Unajua kwetu msikiti ni wa wanaume, sisi husali majumbani. Mimi sijaliona jamvi langu likiwa limetandikwa, wala sitaliona. Shutu pia hajaliona. Uani petu ni padogo, na mara ya pili mvua ilikuwa imejaza maji upande mmoja, tukalifungua nusu nusu tu. Naambiwa ni zuri, na mjane siku zote huambiwa kazi yake ni nzuri. Tembo ni mtu mwema, lakini hata lilipokuwa limemeza mbuzi yeye aliona linafaa.

Unakikumbuka kikapu changu cha kwanza? Nilikileta barazani kwa baba nikiwa sijaota hata meno yote ya mbele. Baba alisema kizuri, mama akasema kizuri. Wewe ukasema, "Kimekaa kama kuku anayetaka kutaga." Nililia sana, na baba akakugombeza. Lakini jioni nilikifumua, kwa sababu kweli kilikaa kama kuku anayetaka kutaga. Tangu siku hiyo, juu ya kazi ya mikono yangu, neno lako ndilo ninaloliamini.

Kwa hiyo jawabu langu ni hili. Njoo, kaka, lakini usije kunichukua. Njoo uliangalie jamvi. Chumba cha nyuma kisirudishiwe magunia, nitakuja kukikalia baada ya Idi, nimpumzishe Biasha kidogo na watoto, kisha nitarudi kwangu. Usifikiri nimekaidi, wala kwamba Shutu amenishika. Najua unaogopa nisikae peke yangu. Nami niliogopa hivyo. Lakini sasa nina kazi nyingine, na hii ni kubwa kuliko ya kwanza, mpaka naona haya kukuandikia.

Ijumaa ile ile, Tembo alipokuwa anatoka kwangu, Shutu alikutana naye njiani. Nilimsikia nikiwa jikoni. Akamwambia, "Muadhini, jamvi tumelisuka sisi. Ramadhani ikiingia, tarawehe tutaisikilizia wapi, kwenye majani na ng'ombe?"

Tembo akacheka. "Bi Shutu, mngekaa wapi na nafasi haipo?"

"Nafasi hujengwa. Ile iliyopo iliota?"

Tembo akasema atawaambia wazee. Wazee wamesema wataangalia. Labda chumba kidogo nyuma, upande wa kusini, na pazia katikati. Labda mwakani, labda baadaye. Jiwe hata moja halijawekwa, na wapo wasiotaka kulisikia jambo hilo. Lakini jana alasiri mimi na Shutu tulikwenda nyuma ya msikiti, kwenye ile nyasi, tukatembea na kamba huku na huku, tukafunga fundo pale tulipoona kona itakuwa. Chumba hakipo. Kamba yake nimeshaitundika kwenye boriti, na kitambaa chekundu kiko mwanzo. Mbodze anasema mbuzi wake wanataka ujira safari hii.

Lile kawa bado liko ukutani. Usiniulize. Misumari ya Boga bado imo.

Sasa sikiliza ombi langu. Ukishuka Waa, usije kwangu kwanza. Pitia msikitini. Vua viatu, ulitembee lote, polepole, toka mlangoni mpaka kibla, na kona zote nne. Kisha uje unywe chai, uniambie kweli kama ulivyoniambia utotoni. Kama limevimba, sema. Kama limekaa kama kuku, sema, nitalia kisha tutalifumua, tunajua kufumua sasa. Ila pale ukingoni, karibu na mlango, mguu wako utahisi mahali palipolegea. Hapo usiniambie neno. Hapo napajua.

Nisalimie sana wifi yangu Biasha, umwambie nitamletea mkeka mdogo wa kile chumba. Msalimie somo yangu, Mwanaima mdogo, na umwambie asiache shule darasa la nne kama shangazi yake. Wasalimie jamaa wote wa pwani mlio nao huko. Shutu anakusalimu, na anasema uje na viatu vyepesi kuvua. Mbodze anakusalimu. Tembo naye anakusalimu, hajui nimekuandikia nini.

Mwenyezi Mungu akulinde katika reli na safari, ampe Biasha afya, amrehemu Boga na wazazi wetu, na atufikishe sote Ramadhani tukiwa wazima. Amin.

Ni mimi dada yako mdogo, nikupendaye na kukungoja,

Mwanaima